Pampu za Migodi na Kamba ya Kisima

Jambo yenu wote. Nawashukuru mliokuja kwa miguu toka Katuba na Kenya, mitaa ya hapa kwetu Lubumbashi, Kongo. Nawashukuru pia mabwana na mabibi wa makampuni, kwa sababu habari ya maji niliyo nayo leo inawahusu ninyi kwanza, na bado mmekuja kuisikiliza.

Nilipokuwa mtoto, baba alichimba kisima katika parsele yetu, yaani kiwanja chetu. Kamba ya ndoo aliifunga mafundo. Mvua zikikatika, kuanzia mwezi wa tano, kila asubuhi mmoja wetu alihesabu: leo ndoo imegusa maji kwenye fundo la ngapi? Mwezi wa kumi mafundo yalikuwa mengi, lakini maji yalikuwapo. Leo kamba ileile inashuka yote na ndoo inagonga udongo mkavu.

Sababu ni nyingi, nami sitaki kumwonea mtu. Tumeongezeka sana. Kila anayeweza anachimba foraji yake, yaani kisima kirefu cha bomba na pampu. Miti ya miombo imekuwa makala, yaani makaa ya kupikia, na mahali pasipo miti mvua haizami, inakimbilia mtoni na udongo wetu. Ila kuna sababu moja ambayo hatuizungumzi vya kutosha katika mji huu uliozaliwa na shaba mwaka 1910: mgodi wa kina hauwezi kuchimbwa bila kuondoa maji.

Nisikilizeni vizuri hapa, wanafunzi hasa. Chini yetu maji yamejaa katika nyufa na mianya ya mawe. Ukichimba shimo kubwa likapita usawa wa maji hayo, maji ya pande zote yanaanza kutiririkia shimoni. Ili wachimbaji wasizame, pampu zinavuta usiku na mchana, na usawa wa maji unabonyea kuzunguka mgodi kama bakuli. Kisima kifupi kilichomo ndani ya bakuli hilo kinakauka, hata kama mwenye kisima hajawahi kuona geti la mgodi. Anayetaka ushahidi aende Kipushi, hapo jirani. Mgodi ule ulianza mwaka 1924, ukasimamishwa 1993, na mwaka 2011 pampu ziliposhindwa kazi, maji yakapanda yakafunika kazi zote za chini. Ilichukua miaka kuyatoa, na uzalishaji umerudi 2024 tu. Hayo ndiyo maji tunayokanyaga juu yake.

Sasa, kampuni ikisema inasaidia mambo ya maji, mara nyingi tunaonyeshwa nini? Foraji, bango lenye jina la kampuni, utepe, ngoma, picha. Mimi siidharau foraji. Mama aliyebeba bido, yaani dumu la maji, kichwani kilometa mbili hawezi kuidharau. Lakini nimeziona nyingi ambazo baada ya misimu miwili mkono wa pampu umekatika, fundi hajulikani, vipuri viko mbali, na bango peke yake ndilo linalong'aa. Msaada wa maji unaanza siku pampu inapoharibika. Nani ana ufunguo? Nani anakusanya fedha za matengenezo, na anazionyesha kwa nani? Kampuni inayolipa ili kamati ya kartie, yaani ya mtaa, ifundishwe kazi hiyo, na kumsomesha fundi mmoja kijana wa palepale, imetusaidia kuliko ile iliyozindua foraji tano.

Na fedha zipo, kwa sheria. Code minier, yaani Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018, inadai kila kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Angalieni neno hilo: mauzo, wala si faida. Kampuni iliyouza kwa dola milioni 100 inadaiwa dola 300,000 hata ikisema mwaka ulikuwa mbaya. Katiba nayo, ibara ya 48, imetuhakikishia haki ya maji ya kunywa. Mwenye kampuni akileta maji, basi, msimpigie magoti. Mpokeeni kama mtu anayetimiza wajibu, kwa heshima, kisha mwombeni hesabu.

Majirani zetu wa Zambia wametuonyesha jambo linavyoweza kuharibika kwa siku moja. Mwezi wa pili 2025, karibu na Kitwe, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulibomoka, na asidi ikaingia katika kijito cha Mwambashi hadi mto Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji. Mto wetu Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, na Luapula tunainywa pamoja na hao Wazambia. Hakuna kampuni inayoweza kulinda maji yake peke yake ndani ya ukuta wa kiwanda.

Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliwaalika wakuu wa makampuni ya dunia wajifunge katika mambo sita ya maji: kazi zao wenyewe, bonde la mto na wanaowauzia mali, ushirikiano na wengine, sera za serikali, jamii, na uwazi. Yote ni mazuri. Mimi leo naomba hilo la sita tu. Kila mgodi na kila kiwanda cha Lubumbashi kiweke ubao getini, uandikwe kila mwezi, kwa Kiswahili: tumevuta mita za ujazo kadhaa, tumerudisha kadhaa, yaliyorudi yamepimwa hivi na hivi. Pampu zenu zina mita, tarakimu mnazo tayari. Mkiziweka wazi, wanafunzi wa hapa watazilinganisha na visima vya Ruashi na Kampemba, nasi tutajua bakuli linaishia wapi, na nani alipwe maji yake.

Mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja foraji iliyokufa. Mpeni maikrofoni, na mabwana wa makampuni wamjibu yeye kwanza.