Kumi na Nne Imetoka

Mhadhara kwa wauguzi vijana, Nairobi

Habari za mchana, wenzangu. Naona wengine mmetoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja. Mkisinzia sitakasirika.

Mwaka wangu wa sita kazini nililala kwenye matatu nikitoka zamu. Nilipaswa kushuka Donholm. Kondakta akanigusa bega Kayole, mwisho wa safari: "Sista, tumefika." Nikapanda nyingine ya kurudi, nikalala tena, nikazindukia mjini. Nyumbani walinicheka siku mbili, na mimi nikacheka nao. Uchovu ule haukunitisha. Dawa yake ni kitanda.

Kilichonitisha kilikuja wiki chache baadaye. Usiku huo tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 38. Mama wa kitanda cha 14 alikata roho saa kumi alfajiri. Nikamfumba macho, nikamfunga kidevu kwa bandeji, nikamtoa dripu, nikaandika jina lake kwenye plasta. Jirani yake wa kitanda cha 15 akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama amelala. Nikamjibu, "Nyamaza, ninahesabu dawa." Saa moja asubuhi, tukikabidhi zamu, nikasema: "Kumi na nne imetoka."

Imetoka! Kama kiti kilichopelekwa kwa fundi. Siku tisa nilikuwa nimemwogesha mama huyo, na jina la mjukuu wake nalijua mpaka leo. Ila ulimi wangu ulikuwa umeshamtoa kwenye ngeli ya watu, na pale mezani hakuna aliyeshtuka.

Mwaka 1974, daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu hali hii, ambayo kwa Kiingereza huitwa burnout, baada ya kuiona kwake mwenyewe na kwa waliojitolea katika kliniki ya bure New York. Baadaye Christina Maslach aliigawa mara tatu: kuishiwa nguvu za moyo, kumwona mtu unayemhudumia kama kitu, na kuona kazi yako haina faida. Hilo la pili ndilo lililosema kwa mdomo wangu asubuhi ile. Nalo Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba hali hii si ugonjwa. Inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa. Msongo wa *kazini*, jamani. Hawakusema udhaifu wa muuguzi.

Sisi lakini kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, tunakatiwa keki na kuambiwa tuwe wavumilivu. Keki siipingi. Ila mnakumbuka mwaka 2017 wauguzi waligoma takriban miezi mitano wakidai mkataba wao, wakaitwa watu wasio na huruma. Korona ilipoingia Machi 2020, wakawa mashujaa. Wauguzi ni wale wale, na wodi ni zile zile.

Mimi niliokolewa na sista msimamizi wa wodi yetu, mwanamke mkali ambaye sikumpenda. Aliweka kanuni mbili. Kwenye kukabidhi zamu, jina hutangulia, namba ya kitanda baadaye. Na aliyemwandaa marehemu huondoka wodini dakika kumi, akanywe chai, akalie, akatazame ukuta, shauri yake. Mwenzake anashika wagonjwa wake.

Mtasema: tukiwa wawili, dakika hizo zinatoka wapi? Naye alijua. Kila usiku zilipokosekana aliandika kwenye daftari, tarehe na idadi ya wagonjwa, halafu akalibeba hadi ofisini kwa wakubwa. Akarudishwa. Akaenda tena. Mwezi wa nne tukapewa muuguzi wa tatu, usiku wa Ijumaa na Jumamosi peke yake. Jumapili hadi Alhamisi tuliendelea kuibiana dakika, na daftari likaendelea kujaa.

Haya, maswali. Tuanze na waliotoka zamu ya usiku, wakalale.