Santuri Inayochakarika: Itambue Kelele Kwanza, Ndipo Uiondoe

Karibu mtazamaji. Kazi ya leo ni kelele za santuri: ile chakachaka ya chini chini inayofunika sauti ya mwimbaji, na ile mipasuko mikali, tak, tak, inayokushtua katikati ya wimbo. Vifaa viko mezani hapa, lakini bado hatuvigusi. Tunaanza kwa kusikiliza. Wengi huanza kwa kuosha, halafu santuri ikitoka majini ikiwa bado inalia, wanaamua imeharibika na kuitupa. Mara nyingi haijaharibika. Imepewa dawa ya ugonjwa mwingine.

Chagua sehemu tulivu ya wimbo, sekunde 30 hivi, pale ambapo ala ni chache. Ipige, na ukumbuke kila mpasuko umeangukia neno gani. Sasa rudisha sindano, upige sehemu ileile kwa mara ya pili. Kama mpasuko umerudi kwenye neno lilelile, kisababishi kimo ndani ya mfereji, ule mstari mwembamba ambamo sindano hupita: vumbi lililoganda, ukungu au mkwaruzo. Kama umehama, mara ya kwanza uliusikia mwanzoni mwa ubeti na mara ya pili uko kwingine kabisa, hapo unashughulika na umeme tuli, yaani chaji iliyokwama kwenye santuri, au vumbi jepesi linalotembea juu ya santuri. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na ndicho kitakachokuambia sehemu gani ya video hii inakuhusu.

Angalia pia mwendo wa mlio. LP, ile santuri kubwa inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika, humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, ile ndogo ya 45 hutumia sekunde 1.33. Ukisikia tak inayorudi kwa mwendo huo bila kukosea, kama saa ya ukutani, ni mkwaruzo uliokata mifereji kadhaa. Huo hauoshwi ukatoka. Chakachaka ikisikika kwenye kila santuri, hata mpya, iache santuri na ukague sindano. Na ukisikia muungurumo mzito usiokatika, mmmmm, huo si umeme tuli hata kidogo. Ni umeme wa nyumba unaoingia kwenye nyaya. Geuza mashine, tafuta ule waya mwembamba wa ethi, uukaze kwenye skrubu yake nyuma ya amplifaya.

Tuanze na umeme tuli.

Santuri ya kisasa ni plastiki ya PVC. Plastiki hii ikisuguana na karatasi au ngozi ya mkono, hunyakua chaji na kukaa nayo, kwa kuwa haipitishi umeme na chaji haina njia ya kutokea. Kwa hiyo kitendo tu cha kuichomoa santuri haraka kutoka kwenye mfuko wa karatasi kinatosha kuijaza. Ikishajaa, huvuta vumbi lililo karibu, na chaji nyingine huruka kwenye sindano: huo ndio mpasuko unaosikia. Hewa kavu huzidisha tatizo. Mtu wa Dodoma wakati wa kiangazi, au wa Nairobi mwezi wa Februari, atalisikia zaidi kuliko wa Tanga au Zanzibar, ambako unyevu hupunguza chaji lakini huleta ukungu.

Tazama hapa. Ninasogeza mkono karibu na santuri, na vinyweleo vinasimama. Na hapa, nikiinua santuri, kile kitambaa cha manyoya kilicho juu ya sinia la mashine kinanyanyuka nayo. Kitambaa hicho kiondoe leo. Weka cha koki (ile ya vizibo vya chupa), ngozi au mpira. Ni badiliko dogo lenye faida kubwa, nasi tungelitanguliza kabla ya kununua kifaa chochote.

Hatua inayofuata ni brashi ya nyuzi za kaboni. Gusa kwanza chuma cha amplifaya ili mwili wako usiwe na chaji. Washa mashine izunguke, sindano ikiwa imeinuliwa na sauti imeteremshwa. Shika brashi kwenye ile sehemu yake ya chuma, vidole vigusane nayo, kwa maana chaji hupita kwenye nyuzi, ikafika kwenye chuma, ikatokea mkononi mwako. Ukiishika kwenye plastiki pekee, unafagia vumbi na chaji inabaki. Zigusishe nyuzi juu ya santuri bila kukandamiza, mizunguko 2 au 3, halafu iteleze brashi polepole kuelekea ukingoni hadi itoke nje. Kukandamiza kunaongeza msuguano, na msuguano ndio uliotuletea shida hii.

Ikiwa unayo ile bastola ya kuondoa chaji, kama Zerostat, ishike sentimita 30 hivi kutoka kwenye santuri. Vuta kichochezi taratibu, kisha kiachie taratibu vilevile. Kuvuta hutoa chaji za aina moja, kuachia hutoa za aina nyingine. Ukisikia kidoko, umevuta kwa haraka mno, rudia.

Kisha mfuko. Ule wa karatasi ubadilishe kwa mfuko wa polithini laini uliotengenezwa kwa ajili ya santuri. Usitumie mifuko ya PVC, kwa sababu ile kemikali inayoilainisha huhamia kwenye santuri na kuacha utando kama wa moshi. Unapotoa santuri, panua mdomo wa mfuko na uiache iteleze yenyewe hadi mkononi. Chumba kikiwa kikavu sana, tandaza taulo mbichi kwenye kiti. Unyevu ukifika asilimia 45 hadi 50, utofauti utausikia.

Sasa kelele zinazorudi palepale. Hizi zinahitaji kuoshwa, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Mfereji wa LP una upana wa takribani milimita 0.05. Uchafu uliojibana humo hautolewi na kitambaa kikavu; kitausukuma chini zaidi. Unahitaji maji yenye kuingia mpaka kwenye sakafu ya mfereji, na maji ya bomba au ya kisima hayafai, maana yakikauka huacha chumvi na chokaa, na punje hizo ndizo chakachaka mpya. Nunua maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongeza kwenye betri za magari. Soma lebo mara mbili! Rafu hiyohiyo huwa na chupa za asidi ya betri, na asidi hiyo ni hatari kwa macho na mikono yako.

Changanya hivi: mililita 800 za maji hayo, mililita 200 za alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99, na matone 5 ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala losheni. Sabuni inavunja mvutano wa maji ili yaingie mfereji badala ya kukaa juu kama matone kwenye jani la mgomba. Alkoholi inalegeza mafuta ya vidole. Usiweke ile spiriti ya vidonda ya famasi, kwani mara nyingi ina mafuta ndani yake, wala spiriti ya kuwashia jiko yenye rangi. Zote huacha utando.

Na hapa nasimama kidogo kwa ajili ya wenye santuri za babu. Zile nzito za mizunguko 78, zinazovunjika kama kigae, si plastiki hii. Ni shelaki, na alkoholi huiyeyusha. Taarabu ya Siti binti Saad iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928 ilitoka kwenye santuri za aina hiyo. Ukiipaka mchanganyiko wetu, unafuta sauti ambayo pengine haina nakala nyingine. Kwa hizo tumia maji yasiyo na madini na matone ya sabuni tu, bila alkoholi kabisa, suuza upesi, kausha upesi.

Turudi kwenye LP. Laza santuri juu ya taulo safi. Funika lebo ya katikati kwa mfuniko wa plastiki, kwa kuwa karatasi ikilowa itachubuka. Mwaga mililita 10 hadi 15 za mchanganyiko. Chukua brashi pana yenye nywele laini na ufuate mzunguko wa mifereji, kamwe usiikate kutoka katikati kwenda ukingoni. Mizunguko 5 upande mmoja, 5 kinyume chake. Acha dakika 1, lakini usiache ikauke. Pangusa kwa kitambaa cha mikrofaiba, ukifuata mzunguko uleule.

Sasa suuza. Mwaga maji matupu yasiyo na madini, pitisha brashi ya pili ambayo haijagusa sabuni, pangusa kwa kitambaa kingine. Rudia mara 2. Mtu akilalamika kwamba santuri yake imezidi kulia baada ya kuoshwa, karibu kila mara ameruka hatua hii: uchafu ulilegea, ukabaki, ukakauka pamoja na sabuni ukawa kama uji.

Isimamishe kwenye kichanja cha vyombo, kivulini, kwa saa 1 au zaidi. Usiianike juani, itapinda. Usiielekezee feni, itajaa vumbi ikiwa bado mbichi. Ikishakauka, iingie mfuko mpya. Kuirudisha kwenye ule wa zamani wenye madoa ya ukungu ni kuipandia mbegu upya, hasa kwa wakazi wa pwani.

Sindano nayo isafishwe kabla ya kupiga santuri iliyooshwa. Brashi ndogo, kutoka nyuma kuja mbele, yaani mwelekeo ambao santuri inakwenda. Kupiga brashi kwa ubavu kunaweza kukunja kile kijiti kinachobeba almasi. Uchafu uliogandamana, tumia kipande cha sifongo ya melamini: kiweke juu ya sinia lililosimama, shusha sindano wima, inua, mara 3. Usiiburute.

Kagua na uzito wa sindano kwa mizani ndogo. Kwa mfano, sindano ya Ortofon 2M Red hutaka gramu 1.8, ya Audio-Technica AT-VM95E hutaka gramu 2.0. Watu hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri. Sindano nyepesi mno hurukaruka mferejini na kugonga kuta zake kwenye sauti kubwa, na majeraha hayo hayatoki tena. Fuata namba ya mtengenezaji.

Kisha piga zile sekunde 30 za mwanzo. Kitakachobaki sasa ni mikwaruzo na uchakavu wa kuta, na kuna njia moja nzuri ambayo wengi huisahau. Santuri nyingi za 45 za miaka ya 1960 ni za mono, yaani sauti ya njia moja. Kwenye mono, muziki umeandikwa kwa sindano kwenda kushoto na kulia tu. Ikipanda na kushuka, hiyo ni kelele. Bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya, na sehemu kubwa ya kelele ya kupanda na kushuka inajifuta yenyewe, muziki ukibaki mzima. Kama huna kitufe, rekodi kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity, kisha uunganishe njia mbili kuwa moja.

Humo humo Audacity kuna zana ya kuondoa mipasuko. Teua sehemu fupi yenye tak peke yake, ijaribu hapo kwanza, halafu usikilize vishindo vya ngoma na matoazi: vikianza kufifia, umezidisha, rudisha nyuma. Na faili la kwanza, lile ambalo halijaguswa, lihifadhi pembeni kwa jina lake.