Fedha Iliyotumika Si Kazi Iliyofanyika: Kupima Miradi ya Mawasiliano kwa Thamani Iliyopatikana

Ndugu wahandisi, ndugu wahasibu, na vijana wetu wa vyuo mliofika hapa Tanga,

Naomba tuanze na hesabu. Tuchukue mradi wa kubuni wa kulaza kebo ya faiba kutoka hapa mjini hadi Pangani, kilomita 50, kwa bajeti ya shilingi bilioni 2 na muda wa miezi 10, kila kilomita ikikadiriwa kugharimu shilingi milioni 40. Mwisho wa mwezi wa nne mpango unataka kilomita 20 ziwe tayari, yaani kazi ya milioni 800. Mhasibu anafungua vitabu, anakuta zimetumika milioni 750, anaripoti kwamba tumeokoa milioni 50, na kikao kinafurahi. Mhandisi aliyeupita mtaro wote kwa miguu anasema zilizokamilika ni kilomita 15 tu. Basi thamani iliyopatikana, yaani kazi iliyokamilika ikihesabiwa kwa bei ya bajeti, ni milioni 600: hatukuokoa kitu, bali tumezidisha matumizi kwa milioni 150.

Utaratibu huu wa kupima thamani iliyopatikana ulirasimishwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1967, na hesabu zake ni za shule ya msingi. Gawanya 600 kwa 750, unapata 0.8, kila shilingi 100 imetuletea kazi ya shilingi 80, na mwenendo usipobadilika mradi utakula bilioni 2.5. Gawanya 600 kwa 800, unapata 0.75, kipimo cha ratiba. Kipimo hiki cha pili kina hila yake, kwa kuwa kazi yote ikiisha kitasoma 1 hata kama tumechelewa miaka miwili. Ndiyo maana napendelea kuuliza kwamba kilomita 15 zilitakiwa kukamilika lini. Zilitakiwa mwisho wa mwezi wa tatu, kwa hiyo tumechelewa mwezi mzima.

Ugumu wenyewe uko katika kukubaliana kazi iliyokamilika ni ipi. Mnara umesimama, antena zimefungwa, lakini umeme haujafika. Mkandarasi atadai asilimia 90, ilhali hakuna mtu anayeweza kupiga simu kupitia mnara huo. Nashauri kazi fupi ihesabiwe sifuri hadi ikaguliwe na kupokelewa, na kilomita ya faiba isihesabiwe mpaka kebo iunganishwe, upotevu wa mwanga ndani ya kebo upimwe, na mtaro ufukiwe. Vifaa navyo vitengewe hesabu yao, maana redio za minara za mamilioni zikihesabiwa kuwa kazi siku zinaposhuka bandarini, takwimu hupendeza huku maboksi yakiwa bado ghalani.

Mpango wa kilomita 5 kila mwezi nimeutumia kurahisisha mfano tu. Pwani yetu ina masika, na mpango usioipunguzia kazi miezi ya Machi hadi Mei utamlaumu mkandarasi kwa mvua ambayo sote tuliijua.

La mwisho ni ankara. Zikichelewa miezi miwili, gharama huonekana ndogo na mradi huonekana mzima. Kwa hiyo mhasibu aingize gharama ya kazi iliyokwisha fanyika hata kabla ankara haijafika, na tarehe yake ya kufunga hesabu iwe ileile ambayo mhandisi anapima mtaro.