Asilimia 28 ya Nini?

Mabibi na mabwana, nashukuru mmefika. Nianze na kifuko kimoja cha maua ya bangi, cha aina inayouzwa kihalali katika nchi na majimbo yaliyoruhusu. Kwenye lebo pameandikwa: THC asilimia 28. THC ndiyo kemikali ya bangi inayolevya. Mnunuzi huisoma namba hiyo kama anavyosoma gramu kwenye mzani. Lakini ua lililomo ndani ya kifuko hicho halikupimwa. Lililopimwa ni ua jingine la fungu hilohilo, siku nyingine, na kabla halijafika mezani kwa mpimaji limepita mikononi mwa watu wengi.

Mtambo wa kupimia wenyewe nautetea. Kromatografia ya kimiminika hutenganisha kemikali za mmea moja baada ya nyingine, na fundi makini anayeusawazisha mtambo wake kwa viwango rejea, yaani sampuli ambazo kiasi chake kinajulikana, hupata majibu ya kuaminika. Kuna jambo moja tu la hesabu ambalo wengi hawaambiwi. Ua bichi lina THC kidogo sana. Kilichojaa humo ni THCA, asidi inayogeuka kuwa THC ikipata joto, na ikigeuka hupoteza sehemu ya uzito wake kama hewa ya kaboni dioksidi. Ndiyo maana maabara huzidisha THCA kwa 0.877 kabla ya kuijumlisha na THC iliyopo. Ua lenye THCA asilimia 30 linaweza kutoa THC 26.3 tu. Anayeandika 30 na kuiita THC ameongeza karibu pointi nne bila kugusa ua.

Sasa tazameni picha hii, maana hapa ndipo penye kazi. Ni tawi moja la mmea mmoja. Kileleni, vinyweleo vya utomvu vimesongamana hadi ua linang'aa kama limepigwa na umande. Teremka shubiri mbili, kwenye kivuli cha majani, na unakuta maua madogo mepesi, vinyweleo vichache. Mmea ni mmoja, mavuno ni mamoja, nguvu mbalimbali. Je, sampuli imechumwa wapi?

California inaruhusu fungu la mavuno la hadi pauni 50, yaani kama kilo 22.7, na inataka sampuli isipungue asilimia 0.35 ya uzito huo. Hiyo ni kama gramu 80. Gramu hizo husagwa, na kwenye kiyeyushi huingia kiasi kidogo tu cha unga huo. Mtu aliyewahi kusaga maua ya bangi anajua kinachotokea: utomvu hunata kwenye visu vya mashine, na vumbi zito la vinyweleo huzama chini ya chombo. Ukichota juu utapata namba moja, ukichota chini utapata nyingine, na hakuna aliyedanganya.

Kuna unyevu pia. Tuseme gramu 100 za maua zina gramu 12 za maji na gramu 20 za THC. Ukipiga hesabu kwa uzito wote, ni asilimia 20. Ukitoa maji kwanza, ni 20 kwa 88, yaani asilimia 22.7. Namba zote mbili ni za kweli, lakini lebo isiyosema imetumia ipi haimsaidii msomaji.

Hayo yote ni makosa ya kawaida, na makosa ya kawaida huenda pande zote: mara juu, mara chini. Kinachonikera ni kwamba lebo hupotoka kuelekea juu. Mwaka 2023 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya Colorado: walinunua sampuli 23 za maua madukani, wakazipima upya. Karibu asilimia 70 kati ya hizo zilipungua kwa zaidi ya asilimia 15 ya namba iliyo kwenye lebo. Tatu zilikuwa na nusu tu ya kiwango cha juu kilichotajwa. Bahati mbaya haipotoki upande mmoja namna hiyo.

Sababu ni pesa. Wanunuzi huchagua namba kubwa, kwa hiyo maua yenye asilimia kubwa hupata bei nzuri. Mkulima ndiye anayeilipa maabara. Maabara ikimpa 19 na jirani yake ikampa 25, mwezi ujao anakwenda kwa jirani. Huko Marekani watu wamezoea kuzunguka hivyo na sampuli zao hadi wapate jibu wanalolitaka, na wapo wanaochagua maua ya kileleni tu au kunyunyizia sampuli vumbi la utomvu. Maabara yenye msimamo hukosa wateja, na hilo naliona kuwa dhuluma kwa mafundi waaminifu. Mwaka 2021 California ilipitisha sheria ya kuzitaka maabara zote zitumie njia moja ya kupima maua. Ni hatua nzuri, lakini njia moja haitatibu sampuli mbovu. Ningependa anayechukua sampuli asilipwe na mkulima wala asijue maua ni ya nani, na sehemu ya sampuli hiyo itunzwe ipimwe tena na maabara nyingine bila taarifa.

Nasisitiza haya kwa sababu ya mgonjwa. Yupo mtu anayetumia bangi kupunguza maumivu, anayepima dozi yake kwa namba ya lebo. Amezoea kifuko cha "28" ambacho kwa kweli ni 17. Siku akipata kingine cha "28" ambacho kweli ni 28, anavuta kiasi kilekile, na moyo unamwenda mbio bila kujua kwa nini.

Mmoja wenu ameniuliza kabla hatujaanza: afanye nini dukani leo? Aulize tarehe ya kipimo, kwa kuwa THC hugeuka taratibu kuwa CBN, kemikali nyingine yenye nguvu ndogo, ikikaa kwenye mwanga na joto. Aombe cheti kizima cha maabara, aone THCA na THC zikiwa mistari tofauti, na unyevu umetajwa. Cheti kikisema 22, zaidi au pungufu 2, basi akiamini hicho kuliko kile kinachosema 28.43.