Gari linalojitaja lenyewe hewani

Mbukwenyi jamani! Wa nyuma sogeeni mbele basi, maiki hii inakatakata na mimi nimekuja kuongelea redio sio kugombana nayo.

Nani hapa ameshaenda Iringa kwa kupitia Mtera? Eeh, wengi. Kuna vipande mle simu inabaki saa tu, bando unalo lakini netiweki hamna, na zile traka za laini ya simu, vidude vya kufuatilia gari, zinanyamaza mpaka mnara ufikiwe ndo zinamwaga kila kitu kwa mpigo. Sisi wa redio za ridhaa, yaani tunaorusha kwa kupenda tu sio kwa biashara, tunatumia APRS, mfumo wa gari kutangaza lenyewe lilipo kwa redio, na wala sio kitu kipya, Mmarekani mmoja Bob Bruninga alianza kulichezea wazo hili miaka ya 1980, mwaka 1984 akatumia kikompyuta cha VIC-20 kufuatilia farasi kwenye mbio za maili 100, kama kilomita 160 hivi. Farasi jamani!

Kazi yenyewe iko hivi, GPS inajua ulipo, kidude kinageuza namba zile kuwa milio miwili, wa hezi 1200 na wa hezi 2200, redio inairusha, imeisha hiyo. Kasi yake biti 1200 kwa sekunde, kwa leo ni kichekesho, ila mahali ulipo ni herufi chache tu kwa hiyo pakiti nzima, yaani ujumbe mmoja wa mahali ulipo, inapita kama sekunde moja. Masafa ni megahezi 144.800, sisi Afrika tuko kanda moja ya redio na Ulaya, Marekani wao wako 144.390, ukiagiza kidude kutoka kule kikague kwanza, changu kilirusha wiki nzima kumbe najiongelea mwenyewe.

Halafu kuna dijipita, kituo kinachosikia pakiti na kuirudia. Kiweke juu! Antena ikiwa mita 100 juu ya tambarare inaona kama kilomita 40, ikiwa mita 400 inafika 80, na Ugogo hii na vilima vyake vya mawe utadhani iliumbwa kwa kazi hiyo. Kituo chenye intaneti kikisikia kinapeleka kwenye ramani.

Sasa nisikilizeni hapa. Chaneli ni moja, gari haliombi zamu wala halisubiri kujibiwa, pakiti mbili zikigongana mara nyingi zote zimekufa. Tulienda Kondoa magari saba na kila mtu kwa ujanja wake kaweka kurusha kila sekunde 10, haya pigeni hesabu, pakiti saba, dijipita inazirudia saba, hizo ni sekunde 14 za maneno unataka kuziingiza ndani ya sekunde 10! Mwenzetu kapata pancha Haneti, ramani inamuonyesha bado yuko Dodoma mjini anakunywa chai.

Dawa yake ni kulifundisha gari kunyamaza. Likiwa limeegeshwa liseme kila nusu saa, likikimbia kila dakika mbili tatu, ila likikata kona liseme palepale, maana barabara iliyonyooka anayeangalia ramani atajichorea mwenyewe, kona ndo habari.

Na chaja za bei chee za kuchomeka kwenye gari, mtanisamehe, zinapiga kelele mpaka redio inakuwa kiziwi. Zichomoe.

Kuna mama ameuliza kama anaweza kufunga kwenye malori yake ya mahindi ya Kibaigwa. Hapana mama, hii ni ya ridhaa, biashara hairuhusiwi, na tena hakuna kuficha siri, kila mwenye redio anakuona ulipo. Leseni ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, jina lako la hewani litaanza na 5H, gari tunalitambulisha kwa kuongeza kistari na 9 mwishoni.

Haya tutoke nje, langu liko pale chini ya mbuyu, nitazunguka kona mbili na nyie mhesabu milio.