Theluji kwa Rula, Mvua ya Mawe kwa Mizani

AKELLO: Karibuni tena, ndugu wasikilizaji. Leo tuna swali linalokuja kutoka pande mbili. Ndugu zetu walio Waltham, kule Massachusetts, ambako Waganda si wachache, wanauliza: dhoruba ya theluji ikipiga, mtu aliye nyumbani anaipimaje? Na wa Kabale na Fort Portal, hapa Uganda, wanauliza hilohilo kuhusu mvua ya mawe. Kaka Baluku, tunaweza kuwajibu kwa pamoja?

BALUKU: Tunaweza, maana shida yao ni moja. Kitu kilichoganda kina vipimo viwili: kimo chake kikiwa kimelala chini, na maji yanayopatikana kikiyeyuka. Kimo hubadilika kila saa. Maji yapo palepale mradi hujayamwaga. Anayepima kimo peke yake amefanya nusu ya kazi.

AKELLO: Basi tuanze na wa Waltham. Anahitaji nini?

BALUKU: Kibao cha plaiwudi, sentimita 40 kwa 40, au 60 kwa 60 akikipata, kilichopakwa rangi nyeupe. Rula. Na kijiti chenye kitambaa chekundu, akisimike pembeni mwa kibao.

AKELLO: Kijiti cha nini?

BALUKU: Kibao cheupe chini ya theluji nyeupe utakitafuta wapi? Usicheke, dada. Januari 2016, kwenye uwanja wa ndege wa Reagan pale Washington, kibao kilifukiwa katikati ya dhoruba kikapotea. Wapimaji wakabaki kupima theluji iliyolala chini sehemu mbalimbali na kutafuta wastani, na kile kipimo kikazua mabishano makubwa.

AKELLO: Na weupe una kazi gani? Si kibao chochote kingefaa?

BALUKU: Kibao cheusi hunyonya jua, theluji ya kwanza inayeyuka kabla hujafika. Saruji nayo hutunza joto, kwa hiyo usipime kwenye veranda. Nyasi zina kasoro ya kinyume: theluji inakaa juu ya majani, chini kunabaki uwazi, na rula inazama mpaka kwenye udongo. Utasoma sentimita mbili tatu ambazo hazikuanguka.

AKELLO: Hapo kwenye rula niongeze. Rula nyingi za shule hazianzi sifuri kwenye ncha. Kuna kipande kitupu cha milimita nne au tano. Ukiisimamisha juu ya kibao, kila kipimo kinapungua kiasi hicho. Kata hicho kipande, au kisugue kwa msasa mpaka sifuri iwe ncha yenyewe.

BALUKU: Kabisa. Na isimame wima. Ikiinama, inasoma zaidi.

AKELLO: Haya, theluji imeanza usiku, inaanguka siku nzima. Anatoka mara ngapi?

BALUKU: Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Theluji mpya imejaa hewa, na kadiri inavyokaa inajishindilia kwa uzito wake yenyewe. Ukipima kila saa, ukafagia kibao, ukapima tena, unaihesabu kila mara ikiwa bado imevimba. Jumla yako itakuwa kubwa kuliko ya jirani aliyefagia mara moja, na theluji ni ileile. Ndiyo maana utaratibu wa Marekani unasema usifagie kibao zaidi ya mara moja kila saa sita. Yaani mara nne kwa siku, basi.

AKELLO: Kuna mtu amewahi kuadhibiwa kwa hilo?

BALUKU: Kuadhibiwa hapana, kunyimwa rekodi ndiyo. Januari 1997, kijiji cha Montague katika jimbo la New York, mpimaji wa kujitolea alipata inchi 77 kwa saa 24. Ni karibu mita moja na sentimita 96. Rekodi ya nchi ilikuwa inchi 75.8, ya Silver Lake, Colorado, mwaka 1921. Kamati ikakaa, ikapitia, ikakuta amepima mara sita badala ya nne. Hawakusema amedanganya. Walisema jumla yake haiwezi kulinganishwa na za wengine, wakaikataa.

AKELLO: Mara mbili tu za ziada.

BALUKU: Mara mbili tu.

AKELLO: Upepo je? Maana dhoruba ya theluji bila upepo sijui kama ni dhoruba.

BALUKU: Upepo ukikaza, theluji inakimbia badala ya kushuka. Upande mmoja wa nyumba inarundikana mpaka dirishani, upande wa pili nyasi zinaonekana. Kibao kimoja hakitoshi hapo. Pima sehemu sita hadi kumi, mbali na ukuta, usiruke rundo wala usiruke palipo patupu, kisha toa wastani. Na uandike pembeni kwamba ni wastani.

AKELLO: Tumemaliza kimo. Maji sasa.

BALUKU: Watu wengi wa kule wanatumia kipimamvua cha plastiki chenye mdomo wa inchi 4. Ndicho kinachotumiwa na CoCoRaHS, mtandao wa wapimaji wa kujitolea ulioanza Colorado mwaka 1998, baada ya mafuriko ya Fort Collins ya Julai 1997. Mvua ile ilitofautiana mno kati ya mtaa na mtaa, na vituo rasmi vilikuwa vichache mno kuionyesha.

AKELLO: Mtu wa Kampala hahitaji kuelezwa hilo. Ntinda inanyesha, Nateete wanaanika nguo.

BALUKU: Ndiyo hiyo. Sasa kipimamvua kile kina faneli juu na mrija mwembamba wa kupimia ndani. Majira ya baridi unavitoa vyote viwili, unaacha silinda ya nje peke yake, theluji iangukie humo. Ukiacha faneli, inajaa na kuziba, nyingine inapeperuka. Ukiacha mrija na kuna maji ndani, yakiganda yanaupasua.

AKELLO: Kisha anaingiza silinda ndani ya nyumba.

BALUKU: Anapima maji ya uvuguvugu kwa ule mrija, tuseme milimita 20, anayamimina juu ya theluji. Ikiyeyuka yote, anapima jumla kwa mrija uleule na kutoa zile 20. Maji yasiwe ya kuchemka, plastiki inapata nyufa. Na asiiweke silinda karibu na jiko iyeyuke yenyewe, maana maji mengine yanapotea hewani akiwa amekaa anasubiri.

AKELLO: Lakini ulisema upepo unakimbiza theluji. Si itapita juu ya mdomo wa silinda?

BALUKU: Itapita. Kwa mvua ya maji hasara ya upepo mara nyingi ni asilimia chache, lakini kwa theluji inaweza kufika nusu na zaidi. Kwa hiyo ukiona kibao kina theluji nyingi na silinda haina kitu, usiiamini silinda. Igeuze mdomo chini, ishindilie kwenye theluji iliyo juu ya kibao mpaka iguse mbao, pitisha kipande cha bati chembamba chini yake, geuza. Umekata mche duara kamili wa theluji. Huo ndio unauyeyusha.

AKELLO: Kule watu wanapenda kusema sentimita 10 za theluji ni milimita 10 za maji.

BALUKU: Hayo ni makisio ya kuanzia. Theluji nzito yenye majimaji, sentimita 5 tu zinaweza kutoa milimita 10. Ile kavu ya baridi kali, unaweza kuhitaji sentimita 20 na zaidi upate hizo hizo. Na mwenye nyumba anapaswa kujali, kwa sababu milimita moja ya maji ni kilo moja kwa kila mita ya mraba. Milimita 25 juu ya paa la mita za mraba 50 ni kilo 1,250. Kimo hakikuambii hilo.

AKELLO: Turudi nyumbani. Mvua ya mawe Kabale: hapa kimo hata sipendi kukisikia. Mawe yanadunda, yanateleza, yanajazana kwenye mtaro na chini ya mabati. Mtu anapiga picha ya lile rundo anasema yameanguka sentimita 15. Hapana. Yamekusanyika sentimita 15.

BALUKU: Sasa hapo unafanyaje, dada, na wengi hawana hicho kipimamvua cha inchi 4?

AKELLO: Unatengeneza. Tafuta ndoo nyembamba au kopo lenye pande zilizonyooka, mdomo wa duara wa sentimita 16. Eneo la mdomo linakuwa sentimita za mraba 201, kwa hiyo kila mililita 20 za maji ni milimita moja ya mvua. Mdomo wa sentimita 20, eneo ni 314, basi mililita 31 na kidogo. Pima kipenyo cha ndani, pande mbili zinazokatana, maana ndoo za plastiki huwa si duara kamili. Ukikosea nusu sentimita kwenye 16, umekosea asilimia 6 ya kila mvua utakayoandika.

BALUKU: Na faneli?

AKELLO: Kwa mvua ya kawaida faneli ni nzuri, inazuia maji yasikauke. Kwa mvua ya mawe ni balaa. Mawe mawili na jani moja la mwembe yanaziba tundu, maji yanapanda, yanafurika nje. Na faneli iliyo bapa inayadundisha mawe yanatoka. Ukitumia faneli, iwe na ukuta wima juu, angalau sentimita 10. Au siku wingu limekuwa jeusi la kijanikijani, itoe tu.

BALUKU: Kisha anayeyusha kama wa Waltham?

AKELLO: Anaweza. Anamimina mililita 500 za maji ya uvuguvugu, anasubiri, anapima. Tuseme amepata 1,140. Anatoa 500, zinabaki 640. Gawanya kwa 20.1, ni milimita 31.8. Lakini mwenye mizani ya jikoni hana haja ya kuyeyusha chochote. Mililita moja ya maji ni gramu moja, na jiwe likiyeyuka uzito haubadiliki. Ndoo kavu ina gramu 310, baada ya mvua ina 950: tofauti ni 640. Jibu lilelile, dakika moja.

BALUKU: Hata wa Waltham afanye hivyo. Kwenye silinda yake ya inchi 4, gramu 8.1 ni milimita moja.

AKELLO: Ila afute nje kwanza. Matone yaliyoshika ubavuni na tope la chini ya ndoo linaweza kuwa gramu 15 au 20. Kwenye ndoo yetu hiyo ni karibu milimita nzima ya uongo. Na uzito wa ndoo kavu uuandike kwa kalamu isiyofutika kwenye ndoo yenyewe.

BALUKU: Iwekwe wapi?

AKELLO: Juu ya nyasi fupi, mdomo ukiwa sawasawa, ndoo imefungwa kwenye vigingi isianguke. Umbali kutoka kitu chochote uwe angalau mara mbili ya urefu wake: paa la mita 4, sogea mita 8. Na migomba uihesabu kwa urefu itakaofikia. Mwezi wa Machi mgomba uko kiunoni, Novemba umeshafunika kipimamvua.

BALUKU: Ukubwa wa mawe?

AKELLO: Kwanza radi. Ngurumo ya mwisho ikipita, hesabu dakika 30 ndipo utoke. Kwa wakati huo madogo yatakuwa yameyeyuka, ndiyo, acha yayeyuke. Ukiweza kunyoosha beseni nje ya mlango bila kutoka, utapata machache mapema. Yatie kwenye mfuko wa plastiki, friza. Umeme ukiwa umekatika, chupa ya chai iliyopozwa inasaidia. Kisha pima jiwe kubwa kuliko yote, upande mrefu na upande mfupi, halafu machache ya wastani. Chini ya milimita 5 usiliite jiwe kamili, andika ni chembe ndogo za barafu. Na tafadhali, habari za "kama yai" tuziache. Yai la nani, la kware au la bata?

BALUKU: Ukiwa kazini mawe yanaanguka huna habari?

AKELLO: Kuna pedi. Ile sponji ngumu nyeupe inayokuja na televisheni, kata sentimita 30 kwa 30, unene wa 2.5, ifunge kwa foili nene ya jikoni, ipigilie juu ya nguzo ikiwa imelala sawa. Kila jiwe linaacha shimo. Unahesabu mashimo, unapima mapana yake, na yakiwa yamerefuka upande mmoja unajua upepo ulitoka wapi, kwa hiyo weka alama ya kaskazini kwenye ukingo. Usiiache chini. Kuku wanaidonoa foili, na shimo la mdomo wa kuku linafanana sana na la jiwe dogo.

BALUKU: Kabla hatujafunga, kuna anayeuliza kwa nini sisi wa Kasese hatupimi theluji ya Rwenzori, tunayo mlangoni.

AKELLO: Kilele chake, Margherita, ni mita 5,109. Nani atapanda kila saa tatu asubuhi?

BALUKU: Hakuna. Na iko karibu na ikweta, theluji inaweza kuanguka mwezi wowote na kuyeyuka mchana uleule, haina majira. Juu ya barafu watafiti huchimbia vigingi na kurudi baadaye kuona vimetokeza kiasi gani. Sisi wa bonde tupime mvua ya miteremko. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2020, ilikuwa ni mvua kubwa ya huko juu.

AKELLO: Nimegusa saa tatu asubuhi. Soma kila siku saa hiyo, hata kama hakuna kitu, maana ndiyo saa 0600 kwa saa ya kimataifa (UTC) na vituo vyetu vya hali ya hewa vinasoma wakati huo. Kukiwa hakuna mvua andika 0.0. Kama hukusoma, acha nafasi wazi, usiandike sifuri.

BALUKU: Na ukisafiri siku tatu ukakuta milimita 42?

AKELLO: Usizigawe kwa tatu. Andika 42.0, jumla ya siku tatu, na tarehe zake zote. Kisha suuza ndoo, kwa siku hizo viluwiluwi vya mbu vitakuwa vimeshaanza kuogelea humo.