Manivannan: Mwongozaji Aliyejiweka Kando ya Steringi

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie waongozaji wa filamu za Kitamil waliogeuka waigizaji wa vichekesho. Badala ya kuwapitia wote mbiombio, nitamshika mmoja tu, Manivannan, kwa kuwa ni rahisi kumdhania mtu wa aina yake kuwa ameshuka daraja, ilhali filamu zake zinaonyesha kwamba hata alipokuwa mbele ya kamera hakuacha kuongoza.

Alizaliwa Sulur, karibu na mji wa Coimbatore katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, na wenyeji wa upande huo wana sifa ya utani wa kuchokoza ambao Watamil huuita kusumbu: mtu anakusemesha kwa adabu tupu, na katika adabu hiyohiyo amekwisha kukuchoma. Kazi alijifunza kwa mwongozaji Bharathiraja, akamwandikia Nizhalgal (1980), ambayo haikupata watazamaji, kisha Alaigal Oivathillai (1981), ambayo iliwapata kwa wingi. Mwaka 1982 alianza kuongoza mwenyewe kwa Gopurangal Saivathillai, hadithi ya ndoa na familia, na miaka miwili baadaye akatoa Nooravathu Naal, filamu ya mauaji na hofu. Hakuwa mtu wa kukaa katika aina moja ya filamu.

Aliyemsimamisha mbele ya kamera ni mwalimu wake huyohuyo, ambaye mwaka 1988 alimpa nafasi ya adui wa nyota Rajinikanth katika Kodi Parakuthu. Wengi wangedhani kwamba atabaki katika uadui. Lakini sauti yake, iliyokuwa nzito na yenye uvivu fulani, ilifaa zaidi kuchekesha.

Filamu ambayo ningependa tukae nayo ni Amaidhi Padai ya mwaka 1994, aliyoiongoza na kuigiza ndani yake. Sathyaraj, rafiki yake wa siku nyingi, ni Amavasai, mtu duni anayeokota vipande vya nazi hekaluni, na Manivannan ni mwanasiasa anayemsimamisha katika uchaguzi akitarajia kumtumia kama kikaragosi. Kura zinapohesabiwa, Amavasai ameketi mbele ya bwana wake kwa unyenyekevu. Kila matokeo yanapomwendea vizuri anajisogeza nyuma kidogo kitini, mpaka anakunja nne kama mwenye nyumba. Kichekesho hiki kingeanguka kama yule bwana angekasirika mapema mno, au angefanya vituko ili naye atazamwe. Manivannan anaacha mabadiliko yapite usoni mwake polepole, kwa sababu yeye ndiye aliyeipanga picha na anajua jicho la mtazamaji linapaswa kuwa wapi. Baada ya hapo bwana anakuwa mpambe, na siasa yote ya filamu tunaisikia katika maneno ya pembeni ya mpambe huyo.

Ustadi huo ndio waongozaji wengine walioufuata. Katika Ullathai Allitha (1996) Sundar C. alimpa sura mbili, tajiri na pacha wake mhalifu, na Shankar akamweka kando ya Arjun, mwigizaji mkuu, katika Mudhalvan (1999). Mwaka huohuo, katika Sangamam, alikuwa mwalimu wa ngoma za kijijini, bila mzaha mwingi, na mimi binafsi naiona kuwa kazi yake nzuri kupita zote, ingawa wapenzi wa vichekesho vyake watanibishia. Kwa jumla aliigiza katika filamu zaidi ya 400.

Filamu ya 50 aliyoiongoza, Nagaraja Cholan M.A., M.L.A., ilitoka Mei 2013 ikimrudisha Amavasai, na kando yake, kama zamani, mpambe yuleyule. Manivannan alifariki Chennai tarehe 15 Juni mwaka huo.

Sasa naomba taa zizimwe tuitazame ile sehemu ya kuhesabu kura. Najua macho yenu yatamfuata Sathyaraj. Tafadhali, kwa mara hii moja, mtazameni aliyeketi mbele yake.